Kumuaga Profesa Thornbury, Aliyepima Furaha Zetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu hapa Doha, Bibi Arafa. Profesa Thornbury, mgeni wetu wa heshima. Ndugu wageni waalikwa. Na walinzi wenzangu mliotoka zamu mkaja na sare zenu:

Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi za Profesa, anayerudi kwao Uingereza baada ya miaka kumi na miwili. Mimi Athanas, mlinzi wa lango la chuo, nina falsafa gani? Lakini nani hapa amezisahau Ijumaa zile chumbani kwetu mtaa wa Najma, Profesa kwenye mkeka, akibishana nasi kwa Kiswahili chake cha kitabuni? Zilikuwa siku tamu, jamani! Profesa huyu, mtoto wa mwoka mikate, alitufundisha kuwa tendo jema ni lile liletalo furaha kwa watu wengi zaidi, na kwamba machozi ya mlinzi na ya waziri yana uzito mmoja. Kitabu chake cha kwanza kinasema hayo hayo, ila kwa kurasa mia nne.

Ndiyo maana mwaka 2009, msimamizi alipotoa nafasi moja tu ya likizo ya Desemba, nasi tuko sita, tulimwomba Profesa aamue. Akamuuliza kila mmoja, "Habari za nyumbani?" Augustine, asiye na haya, akasema anataka kuoa. Mimi nikajibu, "Nzuri." Ndugu zangu, ninyi mnajua: kwetu mtu hujibu nzuri kwanza, hata nyumba ikiwaka, habari yenyewe inangoja swali la pili. Nililingoja. Profesa akaandika "nzuri" daftarini, akamgeukia jirani yangu. Augustine akaenda kuoa. Mama yangu, aliyekuwa kitandani kule Ngara tangu Oktoba, akafariki Januari bila kuniona.

Profesa alipopata habari alikuja Najma, akaketi chini, akalia mbele yetu. "Nilipima vibaya," akasema. Nikamjibu, "Kazi ya Mungu," jibu la kumsindikiza mtu mlangoni. Nilikuwa na hasira, sikatai. Mwaka mzima nilimfungulia lango bila kumtazama usoni.

Kisha adhuhuri moja nikamwona langoni, amesimama juani na Phyllis, mfanyausafi wetu, akimuuliza habari mara ya pili, mara ya tatu, mpaka Phyllis akasema mwanawe amelazwa hospitalini kwao. Wiki ile ile tukagawana zamu zake, Phyllis akasafiri. Kitabu cha pili cha Profesa kimetokana na swali lile la tatu, na wasomi wanakisifu bila kujua kilizaliwa langoni.

Profesa, hasira iliniisha adhuhuri ile. Nilikusamehe pale pale, nikanyamaza miaka mitano, nikakuacha unisalimie kwa woga kila asubuhi. Leo naomba na wewe unisamehe mimi, kabla hujapanda ndege.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.