Mwalimu Ciorstaidh NicÌomhair na Kondoo Waliosomesha Walimu

Mwalimu Ciorstaidh NicÌomhair, tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 17 Novemba 2023, alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 kijijini Cleitabost, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Lewis. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa Iain MacÌomhair (ukoo ni uleule, Mac kwa mwanamume na Nic kwa mwanamke), mkulima na mvuvi, na mkewe Anna. Usiku aliozaliwa theluji ilifunga barabara, na mkunga akafika akiwa amekalia mkokoteni wa mboji, ule udongo mkavu unaochomwa kama kuni. Baba yake alipenda kusema kwamba huyu ndiye mtoto pekee aliyeletwa nyumbani pamoja na kuni zake.

Mwaka 1946 alianza shule ya msingi ya Cleitabost akiwa hajui neno la Kiingereza, nayo shule haikuwa na neno la Kigaeli, lugha ya kwao. Kila asubuhi mwalimu aliita jina la Christina MacIver, wala hakuna aliyeitika. Ciorstaidh, aliyekaa dawati la mbele kabisa, alimhurumia sana huyo Christina asiyekuja shule. Alihesabiwa mtoro wiki nzima huku akikodolewa macho na mwalimu wake. Siku alipoelezwa kwamba Christina ni yeye kwa Kiingereza, alirudi nyumbani akamwuliza mama yake, “Sasa Ciorstaidh atakaa wapi?” Kisa hiki alikisimulia mara nyingi na hakukisimulia kwa uchungu, ila aliapa kwamba mtoto wa darasani kwake ataitwa jina analoitwa na mama yake.

Alisoma sekondari mjini Stornoway, akilala bwenini na kurudi nyumbani mwisho wa muhula. Mwaka 1959 alipata nafasi katika chuo cha ualimu mjini Glasgow. Nafasi ilikuwepo, nauli, koti na chakula havikuwepo. Aliyemwokoa ni shangazi yake Peigi, ambaye ujana wake wote aliumaliza akipasua samaki bandarini, akifuata mashua za heringi kutoka kaskazini mwa Uskoti hadi pwani ya mashariki ya Uingereza, vidole vimefungwa vitambaa kwa ajili ya kisu na chumvi. Shangazi alimwekea akiba yake mezani, akasema, “Chukua, mwanangu. Mikono yangu imekwisha nuka kwa niaba yako.” Ciorstaidh alihitimu mwezi Juni 1962, akafundisha Glasgow miaka miwili, kisha mwaka 1964 akarudi Cleitabost, kwenye shule ileile alikohesabiwa mtoro.

Tarehe 12 Julai 1967 alifunga ndoa na Murchadh MacLeòid, mfumaji wa vitambaa vya sufu, mtu wa maneno machache na yote makali. Inasemekana Murchadh alikwenda kuposa akiwa na nyuzi za sufu nyweleni. “Ukinikataa, nikatae upesi,” alimwambia. “Kitanda cha kufumia nimekiacha na mtande wa watu, nyuzi zinaningoja.” Walijaliwa mtoto mmoja, Coinneach. Waliishi pamoja hadi Murchadh alipofariki mwezi Aprili 2009, na jirani wengi wanakumbuka jinsi mlio wa kitanda chake cha kufumia ulivyokuwa saa ya kijiji: ukinyamaza, watu walijua chai imeiva kwa Mwalimu.

Mwaka 1989 Mwalimu Ciorstaidh alifungua katika shule ya Cleitabost darasa la kufundishwa masomo yote kwa Kigaeli. Lilianza na watoto sita. Baada ya miaka kumi walikuwa ishirini na wawili, ndipo alipoanza kukosa usingizi. Alibakiwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu, na hapakuwa na wa kumrithi. Tangazo la kazi lilikuwa limerudi mara mbili bila mwombaji. Mamlaka ya elimu ilikuwa imesema waziwazi, na kwa haki, kwamba darasa lisilo na mwalimu haliwezi kubaki wazi.

Mwezi Oktoba 1999 aliitisha mkutano katika ukumbi wa chakula wa shule. Aliwaambia wanakijiji kwamba walimu wapo, tena wamekaa humu ndani: watu wazima waliokinyonya Kigaeli pamoja na maziwa, wengine wakiwa na shahada walizozipata kwa kusoma nyumbani. Kinachowafunga ni ule mwaka mmoja wa mafunzo bila mshahara. Serikali ilikuwa inalipa ada ya chuo, lakini ada haimlishi mtoto aliyebaki nyumbani wala hailipi mkopo wa nyumba.

Aonghas Moireasdan, karani wa malisho ya pamoja, aliinua mkono. “Mwalimu, pesa tutaitoa wapi? Mwaka huu kondoo mnadani ana bei ya paka.”

“Basi nipeni kondoo wasio na bei,” alijibu.

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Kabla ya mkutano kufungwa kila nyumba iliahidi mwanakondoo jike mmoja, Aonghas akakubali kutenga sehemu ya malisho kwa kundi lisilo la nyumba yoyote, na ikatungwa alama mpya ya kukata sikioni. Waliitwa Kondoo wa Mwalimu. Kwa kuwa kundi lisingezaa hadi majira yajayo, nyumba kadhaa ziliongeza madume ya kuuzwa, na Murchadh akatoa jora zima la kitambaa. Fedha za mwanafunzi wa kwanza zikapatikana kabla ya Krismasi.

Hapo ndipo Mwalimu alipokosea, na yeye mwenyewe aliruhusu kosa hili lisimuliwe. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alitunga masharti safi kabisa: anayehitaji msaada afike mbele ya kamati ya wanakijiji wenzake, aeleze mapato ya nyumba yake na upungufu wake. Mlango ukafunguliwa mwezi Januari 2000. Januari ikapita. Februari ikapita. Hakuja mtu. Mkaazi wa Cleitabost atabeba mashua ya jirani mgongoni kuvuka kilima, lakini hatatamka mbele ya jirani huyohuyo kwamba pipa lake la unga limefika chini.

“Tumekuwa wafugaji wa ajabu,” Aonghas alimtania dukani. “Tuna Kondoo wa Mwalimu, mwalimu hatuna.”

Mwalimu alirudi nyumbani amenuna, akaingia kibandani kwa mumewe. Murchadh aliendelea kufuma hadi mwisho wa mstari, kisha akasema, “Umewaita watu waje wavue nguo mbele ya majirani, halafu unashangaa hawaji kuoga.”

Kesho yake aliyachana masharti yale. Jumanne jioni alivaa koti akaenda kwa Doileag NicCoinnich, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili, mpakiaji wa samaki katika kiwanda cha bandarini, na mwenye shahada ya historia aliyoisomea mezani jikoni watoto wakishalala. Nyumbani walikuwapo pia mumewe, Dòmhnall Iain, na mama mkwe wake, Bibi Seonag. Mwalimu alikaribishwa karibu na moto, akapewa chai na mkate wa shayiri. Walizungumza juu ya upepo. Walizungumza juu ya ng'ombe wa Bibi Seonag na uvimbe wake, wakamaliza ng'ombe, wakaingia kwenye maziko ya wiki iliyopita. Kila mtu mle ndani alijua mgeni amekuja na jambo, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutouliza. Dòmhnall Iain pekee ndiye aliyekuwa akitazama saa, maana kulikuwa na mpira kwenye televisheni.

Mwalimu akaaga. Akavaa koti, akashika kitasa cha mlango. Hapo ndipo mahali pa kusemea jambo katika kisiwa hiki: ukisema umeketi, umedai; ukisema umesimama mlangoni, umekumbuka tu.

“Kumbe, Doileag,” alisema. “Nilitaka kukuomba msaada.”

“Mimi, Mwalimu?”

“Wale kondoo. Wanakula majani ya bure na watu wananicheka. Nimetafuta mtu wa kuwapa kazi, nimekosa. Nisaidie mwanangu, uende Glasgow mwaka mmoja, uniondolee aibu.”

Bibi Seonag ndiye aliyetangulia. “Na hawa watoto, nani atawaogesha?”

“Mimi,” alisema Dòmhnall Iain.

“Wewe! Wewe ambaye uso wako mwenyewe unaunawa kwa kukumbushwa!”

“Basi nitawaogesha wao, mama, wewe uniogeshe mimi.”

Doileag hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa Mwalimu pale kitasani. “Na nikishindwa je?”

“Ukishindwa, utakuwa umeshindwa ukiwa umeshiba. Wengi wetu hatukupata hata hiyo.”

“Watu watasema tunalishwa na kijiji.”

“Watasema nilikuja kukuomba, ukanihurumia. Hilo niachie mimi.”

Na kweli, asubuhi iliyofuata alisimama dukani kwenye foleni ndefu kuliko zote za wiki, akatangaza kwa sauti yake ya darasani, “Namshukuru Doileag. Nimembembeleza mpaka amekubali kunisaidia.” Kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kuusimulia mkataba ule kwa namna nyingine.

Doileag alianza mafunzo Glasgow mwezi Agosti 2000. Kila mwezi kiasi kilekile alichokuwa akilipwa kiwandani kiliingia nyumbani kwake, hakikupungua wala hakikuzidi, kwa kuwa Mwalimu alisema kikizidi kitaitwa zawadi. Mwezi Februari watoto waliugua tetekuwanga, na Doileag akapiga simu akilia kwamba anafunga mizigo. Mwalimu hakumhimiza kuvumilia. Alimwambia kwamba Dòmhnall Iain amewapaka watoto dawa ya rangi ya waridi na kujipaka na yeye ili wasione haya, na kwamba familia nzima inafanana na watoto wa nguruwe. Doileag alicheka hadi akakata simu. Mizigo ikafunguliwa.

Tarehe 14 Agosti 2001 Doileag aliingia darasani Cleitabost akiwa mwalimu kamili. Mwalimu Ciorstaidh, aliyestaafu mwezi Juni, alikuwa ameapa kutosogelea shule. Alisimama dirishani nyumbani, akifuma soksi ambayo baadaye ilikutwa na visigino viwili. Watoto walipotoka kucheza, upepo ulileta kelele zao.

“Wanasemaje?” aliuliza Murchadh.

“Wanatukanana,” alisema Mwalimu, akikaa chini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. “Wanatukanana kwa Kigaeli. Basi tumepona.”

Mfuko huo wa Kondoo wa Mwalimu haukuishia hapo. Kundi lilizaa, vijiji viwili jirani vikaongeza kondoo wao, na wanakisiwa walioko ng'ambo wakatuma michango. Mwalimu aliendelea kwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba: kwa dereva wa basi, kwa muuguzi, kwa mvuvi wa kamba aliyekuwa na sauti ya kutisha na subira ya ajabu kwa watoto wadogo. Hakumfunga mtu kwa sharti la kurudi kisiwani. Mmoja alipobaki kufundisha Kigaeli huko Glasgow, kamati ilinung'unika kwamba kondoo wa Cleitabost sasa wanalisha jiji. Mwalimu aliwajibu, “Kondoo akiruka ukuta bado ana alama yake sikioni. Na huko nako kuna watoto.” Hoja ilifungwa, ingawa Aonghas, Mungu amrehemu, aliendelea kuguna kwa miaka mitatu.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 Mwalimu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Aliendelea kuishi nyumbani kwake akihudumiwa na majirani, na hasa na Doileag, aliyepita kila jioni baada ya shule. Jambo lililomsumbua si kifo. Alihofia kwamba mfuko utaangukia mikononi mwa watu wazuri wenye masharti safi. Katika majira ya kuchipua mwaka huu alimtuma Doileag, huku yeye akiwa hawezi tena kutembea, kwenda kwa mama mmoja kijana wa kijiji cha pili. Doileag aliporudi, Mwalimu alimhoji kama mtoto wa mtihani: ulikunywa chai ngapi, mlizungumza nini kwanza, alijibuje.

“Amekataa,” alisema Doileag.

“Kwa maneno gani?”

“Amesema kondoo wa watu si wake.”

“Hivyo tu? Basi hajakataa. Rudi wiki ijayo, na usiwataje kondoo.”

Doileag alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mama yule, Beathag NicLeòid, alianza mafunzo Agosti mwaka huu. Mwalimu alipoletewa habari aliomba chai yenye sukari, kinyume cha amri ya daktari.

Alilazwa hospitalini Stornoway tarehe 9 Novemba, akafariki kwa utulivu asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, mwanawe akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa upole wao.

Ameacha mwana, Coinneach, na mkwe, Mairead, wajukuu wawili, Eilidh na Murchadh Òg, kaka yake, Tormod, na wapwa. Ameacha pia walimu kumi na mmoja waliosomeshwa na mfuko, na wa kumi na mbili aliye masomoni. Familia imeelekeza watajwe hapa, baada ya wapwa na kabla ya marafiki, kwa kuwa ndivyo alivyowahesabu.

Kwa desturi ya Cleitabost jeneza hubebwa na wanaume wakipokezana wawili wawili hadi makaburini, nao wanawake huagia mlangoni. Leo familia imeomba, na wazee wa kanisa wameridhia, kwamba zamu ya kwanza ishikwe na walimu hao, wake kwa waume. Upande wa kichwa, mahali pa mwana, Coinneach atakuwa kushoto na Doileag kulia. Beathag amepanda ndege alfajiri kutoka Glasgow. Atashika upande wa miguu, kisha atarudi na ndege ya saa kumi, kwani Jumatatu ana somo la kufundisha mbele ya wakaguzi wake, na marehemu asingemsamehe kulikosa.

Mola ampokee mtumishi wake, na mchanga wa kwao umlalie kwa upole.