Jina Nililoliacha

Sogeeni, wanangu, Mabel na wewe Rubén, maana sauti iliyojaza viwanja leo haivuki hata shuka hili. Nyumba ni ya mama yenu. Gitaa gawaneni mtakavyo, ila karatasi iliyofichwa ndani yake si urithi, ni mzigo, na sina budi kuwatwika.

Mimi na Heber tulikuwa wawili, sauti moja, na kila wimbo, awe kautunga nani, tuliuandikia majina yote mawili. Enzi za wanajeshi, hapa Montevideo hukupanda jukwaani kabla hujapeleka maneno ya nyimbo polisi, nakala tatu, yagongwe muhuri. Kupiga taipu ilikuwa kazi yangu. Ule wimbo wa mama anayetandika kitanda cha mwanawe aliyechukuliwa, unaoimbwa leo mpaka shuleni, niliutunga mimi. Mimi, wanangu! Nilipofika penye majina nikakumbuka mama yenu ana mimba ya Mabel, nikaingiwa na woga, nikaandika jina la Heber peke yake.

Njiani alinitania, "We Edelmiro, tai yote hiyo, unakwenda kuposa?" Kituoni ofisa akatikisa karatasi: "Nani katunga uchafu huu?" Heber akasoma, akaona jina moja, akanitazama. Ulimi wangu ukaganda. Akasema, "Jina si hilo hapo? Ni mimi. Huyu hata vina hajui kupanga." Wakacheka, wakaniachia. Yeye hakurudi.

Utawala ulipoanguka, watu walimlilia kwa wimbo wangu. Ningesema ni wangu, ningeitwa mwizi wa sifa za marehemu. Basi nikajificha humo humo, nikaimba, nikapigiwa makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Heber ni mimi.

Nélida, dada yake, yu hai. Mpelekeeni karatasi hiyo; ndiyo rasimu, mwandiko wangu, na chini yake majina yote mawili. Akiuliza mbona sikuja mwenyewe, mwambieni nilikwenda nayo. Alinipokeza kibuyu cha chai ya moto ya yerba, tunywe kwa mrija mmoja, akasema, "Kunywa, kaka, umebaki wewe tu." Nikanywa.

Asipokuja kunizika, msimlaumu. Wimbo ule usiimbwe juu yangu. Mungu awape... awape ulimi usioganda, wanangu, na awarehemu kuliko... Maji. Hapana, acheni maji. Nendeni kwa Nélida sasa hivi, nisikie mlango ukifungwa ningali hai.