Mama Mijusi na Mlango wa Kizimba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mijusi, naye akaitika bila kununa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1977, akahitimu elimu ya wanyama chuo kikuu mwaka 1981, na mwaka uliofuata akakabidhiwa kituo cha kuzalisha mijusi wa miambani, ambao porini walikuwa wamebaki wachache mno. Tarehe 14 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Kazini dada alikuwa mkali, na aliamuru kila jike apewe dume mmoja tu, mkubwa na mwenye rangi nzuri, bila kutambua kwamba madume hao walikuwa ndugu wa damu wa majike, hivyo mayai mengi yakaoza, na watoto walioanguliwa wakawa na mikia iliyopinda, wakafa.

Mwaka 1989 mhudumu wa vizimba alisahau kufunga mlango unaotenganisha vizimba viwili, jike mmoja akawapitia madume watatu wa kizimba cha pili, na asubuhi hiyohiyo dada akamfukuza kazi mhudumu yule mbele ya wenzake, akimwita mzembe. Mayai ya jike yule yakaanguliwa karibu yote, watoto wakawa wazima, na baada ya kurudia jaribio misimu kadhaa dada akaelewa kwamba jike aliyepata madume wengi hubeba mbegu za kila namna, zile za asiye ndugu ndizo hushinda, na watoto huepuka kasoro za ukoo. Sifa zikamjia, utani nao haukukosa, mama mkwe wake akamwambia, “Mwanangu, hayo ya mijusi yaishie kwa mijusi,” tukacheka wote, lakini kila alipopongezwa aliinamisha uso.

Hatimaye alimtafuta mhudumu yule, akamkuta akifyatua matofali, mgongo umeharibika, binti yake ameshaacha shule, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akamweleza mlango ule ulivyomfungua macho, akamwomba radhi.

“Bosi, niliusahau tu ule mlango, usinipe sifa,” mhudumu akamjibu. “Ila ungeniuliza kwanza. Wiki ile nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu.”

Dada alimrudisha kazini, lakini miaka iliyopotea hakuweza kumrudishia, na jambo hilo lilimla moyo.

Mwanzoni mwa 2019 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alipolazwa, mhudumu alikuja kumlisha uji, na siku moja nikamsikia akimwambia, “Mimi nilishakusamehe zamani.” Dada akajibu, “Mimi bado,” kisha akanigeukia, akaniagiza habari hii isomwe, isifichwe. Alifariki tarehe 3 Juni 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kufua nyumbani kwetu wakati sisi tukishinda hospitali, na wafanyakazi wenzake wote wa kituo, mhudumu wa vizimba akiwemo.

Dada, sisi tumekuaga kwa upendo. Sasa jisamehe, upumzike.