Bibi Raheli na Gogo la Wawili

Ijumaa hii, tarehe 15 Desemba 1967, Bibi Raheli Shemhilu anakabidhi funguo za bweni baada ya miaka kumi na saba ya kuwa mlezi wa Shule ya Kati ya Wasichana Kwemtindi. Alipokuja, bweni lilikuwa la nyasi na umande ulikuwa unaingia mpaka kwenye blanketi. Leo lina bati, na blanketi zote zina viraka alivyotufundisha kushona mwenyewe.

Bibi Raheli ni mzaliwa wa Kwai. Alianza jikoni, akapanda kuwa mlezi, na jikoni hakutoka. Hata leo uji ukiungua anaujua akiwa kanisani.

Lakini wanafunzi waliopita hapa wakikutana sokoni Lushoto hawaulizani habari za uji. Wanaulizana, "Wewe gogo ulibeba na nani?"

Mwaka wake wa kwanza wa ulezi aliona jinsi wasichana wapya walivyojitenga: wa Kwai benchi lao, wa Shume benchi lao. Akawachanganya vitanda. Kulipokucha akakuta kila mmoja amekwisha kurudi kwa wenzake. Hapo ndipo alipobuni dawa yake. "Kitanda mtu anahama," alisema. "Gogo likishakaa begani, utahamia wapi?"

Tangu hapo, kila muhula wa kwanza, Jumamosi ya kwanza, wapya hupanda mlimani kwenye miwati, ile miti iliyopandwa kwa ajili ya kuni, kuleta kuni. Wanakwenda wawili wawili, na wawili hao wasitoke mahali pamoja. Gogo nalo sharti limshinde mtu mmoja. Klara wa Shume, binti wa mpasua mbao, aliwahi kujitapa, "Bibi, hili nalibeba peke yangu!" Bibi Raheli akalitazama. "Basi hicho ni kijiti, mwanangu. Kirudishe."

Januari 1962, Uhuru ukiwa na mwezi mmoja tu, tuliingia sisi watoto wa mashamba ya chai. Baba yangu, Mzee Januari, alikuwa ametoka Njombe kuja kuchuma chai upande wa Bumbuli, na mimi nilikuwa wa kwanza nyumbani kufika darasa la tano. Kishambaa sikukijua. Mezani wenzangu walikuwa wakisema na kucheka, nami nikiamini nachekwa mimi. Ijumaa nikafunga sanduku langu la bati, nikamwambia Bibi Raheli kwamba kesho narudi kwetu, na shule basi.

Hakunibembeleza. "Sawa, Wema. Lakini kesho ni kuni. Kwanza gogo, halafu safari."

Akanipanga na Marta wa Kwai, mrefu, mwenye sauti kama kengele ya kanisa. Wakati wa kuteremka mrefu hutangulia, kwa hiyo Marta alikuwa mbele, mimi nyuma. Tulipofika penye utelezi akapiga kelele, "Ita! Ita!"

Nikashangaa. Nimwite nani? Akarudia kwa ukali, "Ita, wee!" Basi nikasimama palepale na gogo begani, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Bibi Raheliii!"

Kwa Kishambaa, ita ni nenda. Marta alikwenda, mimi nikasimama naita. Gogo likatuponyoka, likabingirika mpaka kwenye kabichi za mwalimu mkuu.

Mlima mzima ulicheka. Marta alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, kisha akanieleza lile neno, na mimi nikacheka. Kumbe hata kule mezani walikuwa wakisimuliana habari za mbuzi wa mchungaji.

Bibi Raheli akaja akihema, maana aliitwa. "Mmoja anasema nenda, mwingine anaita watu. Gogo litafikaje? Haya, fundishaneni. Chakula chenu kipo, kinalingoja gogo."

Tulifundishana njia nzima: polepole, kushoto, tua, inua. Tulifika jua likizama, tukala sahani moja. Nilipoingia bwenini, Bibi Raheli alikuwa mlangoni. "Wema, sanduku lako linaziba njia." Nikalirudisha chini ya kitanda, likakaa huko mpaka nilipomaliza darasa la nane.

Mwaka huu, baada ya Azimio, mgeni kutoka wilayani alikuja kutueleza ujamaa. Bibi Raheli alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, kisha akamuuliza kwao ni wapi. Alipojibu Bukoba, akampanga na mwalimu mkuu wakalete gogo. Walilileta, wakicheka na koti la mgeni limechafuka.

Nami nilipoajiriwa hapa kumsaidia, nikiwa na mwanangu mchanga asiyelala, ni Bibi Raheli aliyekuwa akija alfajiri kumchukua mgongoni kwake. "Lala kidogo," ananiambia. "Kidogo tu. Uji wa watoto haulali." Upole wake ndivyo ulivyo, una mpaka.

Sasa anakwenda Shume kwa mwanawe, Timotheo. Januari wapya watakuja na masanduku yao, mengine yakiwa yamefunguliwa nusu tu, tayari kufungwa tena kurudi nyumbani. Funguo nimepewa mimi. Nimeogopa, nikamwambia. Amenijibu kwamba hata yeye hakuwahi kulibeba gogo hili peke yake, na kwamba Marta, ambaye sasa ameolewa hapo jirani, ana Jumamosi zake za kuja kunisaidia.

Bibi Raheli, asante kwa kila sanduku lililorudi chini ya kitanda. Mungu akupe mifupa yenye nguvu, mboga isiyokauka na wajukuu watiifu. Gogo la kwanza la Januari haliingii jikoni kwetu. Mimi na Marta tutalileta kwako Shume, yeye mbele, mimi nyuma.

Ita, Bibi, ita salama. Na ukituhitaji, ita.