Aliyemsikia Malaika

Ndani ya basi la UDA, tukitoka Kariakoo kwenda Posta, mbele yangu aliketi mama kijana aliyeitwa Clotilda, amempakata mwanawe mwenye homa kali. Jirani yake, Bi Saadiya muuza kanga, alimuuliza kama wanaenda hospitali.

"Hapana, mama. Kitabu kimekataza dawa. Malaika alimsomea kaka yangu Isidori, naye akaandika."

"Wewe ulimsikia huyo malaika?"

"Anayemsikia ni Isidori peke yake."

"Na kama amesikia vibaya?"

"Hawezi. Kitabu chenyewe kimesema hakosei."

Nilikuwa najifanya nasoma gazeti, hapo nikalikunja.

Bi Saadiya hakucheka. Alimgusa mtoto shingoni. "Mwanangu, sibishani na Mungu. Nabishana na Isidori. Huyu akifa, nani atajibu?"

Machozi yakamtoka Clotilda. "Isidori ndiye aliyenilea. Nikisema maneno hayo ameyatunga mwenyewe, nitabaki na nani?"



Basi likasimama kituo cha hospitali. Clotilda aliinuka, akamfunika mtoto vizuri.

"Yalikuwa maneno ya malaika," alisema kwa ukali, kisha akashuka na mtoto, akaelekea lango la hospitali.