Mgeni Aimbe Kwanza: Maisha ya Melania Pastory, 1961–2006

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gervasi, mdogo wake marehemu. Wasifu uliochapishwa kwenye ratiba mliyoishika si huu ninaousoma. Niliandika kurasa tatu, kamati ikazikata zikabaki nusu ukurasa, na miaka yake ya redio ikawa sentensi moja: "Aliwahi pia kutangaza redioni." Aliwahi pia! Mtanisamehe, nasoma ule wangu.

Marehemu Melania Pastory alizaliwa Katubuka tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa Mzee Pastory na Mama Yuliana. Alisoma shule ya msingi hapahapa mjini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Alifaulu, lakini hakuchaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo lilimuudhi mpaka uzeeni, kama miaka arobaini na mitano ni uzee. Akajifunza kushona kwa masista, na mwaka 1980 akafungua kibanda chake cha cherehani sokoni Mwanga.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Bw. Kalisti, fundi wa boti wa Kibirizi. Gauni la harusi alijishonea mwenyewe, na asubuhi ya harusi alilifumua mkono mmoja kwa sababu haukumridhisha. Padri alisubiri, na sisi sote tulisubiri. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa redio. Mwaka 1999 meneja wa kituo kimoja kidogo cha hapa mjini alikuja kibandani kuchukua suruali yake. Marehemu akamwambia, "Suruali iko tayari, ila kipindi chako cha Jumapili kinatuchosha. Kanda zilezile kila wiki, na kambini kwa wakimbizi kumejaa wapiga gitaa." Meneja akacheka. "Basi njoo ukifanye wewe." Yeye alidhani ni utani, lakini Jumapili iliyofuata alimkuta dada mlangoni.

Alipangiwa kutangaza pamoja na Bw. Haruna wa Ujiji, ambaye yuko hapa, na leo ndiye anayesimamia kipaza sauti chetu. Haruna alisoma kadi za salamu na dada alikaribisha mgeni wa kupiga muziki moja kwa moja studioni. Wageni wengi walikuwa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo kila Jumatano dada alifunga kibanda akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya vibali. Wateja walilalamika. Mimi pia nililalamika, maana shati langu lilikaa pale miezi miwili bila vifungo.

Utaratibu wa kipindi aliuweka yeye mwenyewe: salamu kwanza, mgeni mwisho, ili wasikilizaji wasizime redio. Nalisema hili kwa sababu yeye alikuwa akilisema kila mara, kwamba kosa lilikuwa lake.

Jumapili ya tarehe 14 Mei 2000, mgeni alikuwa Bw. Heritier, mpiga gitaa wa mji wa Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1998, wakikimbia vita, mkewe na binti zake wawili waliingia boti nyingine, na hakuwaona tena. Alikuwa ametunga wimbo wenye majina yao matatu, na mahali anapopatikana: kambi, kijiji na namba ya nyumba. Siku hewa ikiwa safi, redio yetu ilisikika mpaka ng'ambo. Hiyo ndiyo habari yote ya wimbo ule. Ulikuwa wa kutafuta watu.

Kipindi kilianza saa tisa alasiri. Gari la kumrudisha kambini lilikuwa la saa kumi, maana kibali kiliisha saa kumi na mbili jioni. Haruna akasoma kadi. Mtu anasalimia shemeji yake, shemeji asalimie jirani, jirani asalimie timu nzima ya mpira. Heritier akainama kwa dada. "Mama, muda yangu inakwisha."

Dada akaandika kwenye karatasi: Haruna, weka chini hizo kadi. Haruna akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Tatu tu, Bi Mela, halafu uwanja ni wake. Watu wamesubiri salamu zao tangu wiki iliyopita."

Alipofika kadi ya pili, umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa mbovu. Saa kumi Heritier alipanda gari na gitaa lake. Umeme ulirudi saa kumi na nusu.

Tangu siku hiyo kipindi kiligeuzwa, mgeni akaimba kwanza na salamu zikasubiri. Waliimba wengi, isipokuwa Heritier. Dada aliandika barua kumi za kumwombea kibali. Mara masharti yamebadilika, mara fomu siyo, mara mhusika hayupo. Nilipomwambia aachane nayo, alinijibu, "Gervasi, wewe umewahi kupoteza mtoto?" Desemba 2001 kipindi kilifutwa, kanda zikarudi, naye akarudi kwenye cherehani. Maombi aliendelea kuandika, akitumaini kituo kingempa Heritier nafasi ya wimbo mmoja.

Januari 2005 alianza kuugua figo. Alitibiwa hospitalini na nyumbani, akafariki Jumanne, tarehe 12 Septemba 2006, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla aliniuliza kama barua ya kumi imejibiwa. Haikuwa imejibiwa.

Barua ya kumi na moja niliandika mimi juzi, ya msiba, na ilijibiwa siku hiyohiyo. Bw. Heritier yuko hapa, amekaa nyuma ya wanakwaya. Ofisi iliyomnyima ruhusa ya kuimba dada akiwa hai imempa ruhusa ya kuja kumzika. Nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza lake. Familia yake hajaipata mpaka leo.

Sasa itazameni ratiba. Kuna salamu za kata, za mafundi cherehani, za jumuiya na za wanasiasa wawili. Namba kumi na moja, mwisho kabisa, imeandikwa: "Wimbo, kama muda utaruhusu." Saa hizi ni saa tisa kasoro robo. Gari la Heritier ni la saa kumi.

Marehemu ameacha mume, Bw. Kalisti, watoto wawili, Rozalia na Bonaventura, mama yetu, Yuliana, na sisi ndugu wanne. Mungu ampokee, ampumzishe mahali pasipo na benchi la kusubiri.

Wageni wetu wa salamu, mtaniwia radhi, mtasubiri. Haruna, mpelekee Heritier kipaza sauti.