Kikao cha Dharura Juu ya Tuba

Benchi letu liko kati ya milango miwili: wangu, ambao ni wa kinyozi, na wa jirani yangu Fundi Viatu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na ukikaa mwishoni peke yako upande wa pili unainuka na kukumwaga chini, kwa hiyo hukaliwa kwa makubaliano. Kila saa nne asubuhi Mama Birika huwasha jiko lake la makaa hapo pembeni na wenyewe hujipanga. Yupo Dobi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Mwanasheria kwa sababu hajawahi kushindwa kesi yoyote akiwa amekaa. Yupo Katibu, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na bado anatembea na kalamu mbili, moja ya akiba. Jumatatu ninayoisema, Fundi hakuwa amegonga hata msumari mmoja tangu afungue. Binti yake, mpuliza tuba wa bendi ya sekondari, lile tarumbeta nene kuliko yote, alikuwa ameshushwa kutoka kikundi kikubwa hadi kikundi cha pili, na mashindano ya shule yalikuwa wiki mbili mbele. Kikundi cha pili hakiendi mashindanoni. Hubaki shuleni kikapanga viti.

Katibu alikuwa ameshatandaza karatasi yenye mistari juu ya goti.

— Barua yoyote ya maana huanza na YAH, akasema. Yah: Malalamiko makali.

— Andika makali sana, akasema Fundi. Miaka mitatu mwanangu analikumbatia lile dude zito kama mtungi wa gesi. Mdomo umemwota sugu. Leo anaambiwa arudi akakae na watoto ambao bado wanatafuta noti kwa tochi.

— Yeye mwenyewe anasemaje? nikauliza.

— Anasema, "Baba, nilikosea, basi." Hilo tu. Jana hakugusa chakula. Na kile kidomo cha kupulizia tuba anachokifungia kwenye soksi safi kila jioni, leo asubuhi amekibeba kwenda kukirudisha shuleni.

— Hiyo inaitwa kukiri kwa kulazimishwa, akasema Mwanasheria. Mahakamani haisimami.

— Kwanza sote tulikuwepo Jumamosi, akasema Mama Birika huku akisuuza vikombe. Tulimwona amekosea wapi?

Kweli tulikuwepo. Tulifunga kazi mapema, tukaingia ukumbi wa shule saa tisa alasiri na kukamata mstari wa tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuhudhuria onyesho la vyombo vya muziki la namna ile, kwa hiyo tulikwenda kama tunavyokwenda mpirani, na sauti zetu zote. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, kila mtu anapuliza, kila mtu anaonekana yuko kazini. Wimbo wa pili ulipofika katikati, vyombo vilianza kunyamaza kimoja kimoja mpaka akabaki msichana wa filimbi peke yake. Binti wa Fundi akakaa tu na tuba mapajani, macho chini, midomo ikichezacheza.

— Aliganda, akasema Mwanasheria. Mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Nikamnong'oneza Fundi, mtoto ameganda.

— Nami nikapiga mluzi kidogo wa kumzindua, akasema Katibu.

— Mimi nilisimama kabisa, akasema Fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mabega yake yakanyooka. Nikamwambia, "Piga, mwanangu, piga." Na si akapiga?

— Alipiga, nikasema. Bwana mmoja mbele yangu alishika kofia yake.

— Ukumbi mzima uligeuka, akasema Fundi. Sisi tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

— Hata yule wa filimbi aliacha kupuliza, akasema Mama Birika. Kwa heshima.

— Kwa wivu, akasema Mwanasheria. Katibu, andika. Namba moja, wivu wa filimbi.

Katibu akaandika, akapiga mstari chini yake kwa kalamu ya akiba.

Hapo akatokea mama mmoja mwembamba, begi begani, kiatu kimoja mkononi ndani ya karatasi. Fundi hakumpa hata nafasi ya kusalimia vizuri.

— Leo sishoni, dada yangu. Niko kwenye kikao.

— Nitasubiri, akasema. Sina haraka sana.

Tulimsogezea nafasi katikati ya ubao, kwa usalama wake, na Mama Birika akampa kikombe. Mgeni wa benchi kwetu hahojiwi. Akinyamaza, tunachukulia kwamba anakubaliana nasi.

— Namba mbili, akasema Mwanasheria. Ubaguzi kwa misingi ya ukubwa wa chombo. Tarumbeta zilipulizwa muda wote, mimi nilikuwa nahesabu. Mtoto wetu alipewa nini? Bum moja hapa, bum moja kule, halafu kaa. Ukimpa kijana chombo kikubwa kuliko vyote halafu ukamnyima cha kupuliza, hiyo ni dharau.

— Mimi kilichoniudhi ni yule mwalimu wao, akasema Mama Birika. Wageni tumevaa, tumejipaka mafuta, yeye anatupa mgongo toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu gani anawapa wageni mgongo saa nzima?

— Mtu mwenye la kuficha, nikasema.

— Na fimbo je? akauliza Mwanasheria. Mliiona ile fimbo? Kila mtoto akinyanyua chombo, anachomolewa fimbo. Andika namba tatu, kutishia watoto kwa fimbo hadharani.

Yule mgeni alipaliwa na kahawa. Mama Birika akampiga mgongoni taratibu, akamwambia anywe polepole, ina tangawizi nyingi.

Katibu aliinua kalamu kuomba utulivu.

— Nyie mnacheza na matawi, mimi naliona shina, akasema. Ofisini kwetu kulikuwa na mashine nzima ya kupigia chapa. Bosi akaamuru isiguswe mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha, akaandika ripoti: mashine haitumiki. Ikaondolewa. Ikafuata meza yake, kisha chumba chake, kisha aliyekuwa akiipiga. Sasa angalieni tuba. Leo inanyamazishwa. Kesho, tuba haitumiki. Kesho kutwa ngoma hazina mwenzao, zinafuata. Fidla nazo zitakaa na nani? Mwakani bendi hakuna, ule ukumbi umejaa mifuko ya saruji.

Sote tukaiona ile mifuko ya saruji. Nami, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshatoa lake na sikutaka kuonekana sina akili, nikasema la kwangu.

— Mnasahau suala la hewa. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamefungwa. Tuba moja inavuta hewa ya watu wanane. Mwalimu alimnyamazisha yule binti ili yule wa filimbi apate ya kupumulia.

— Hilo ni la kisayansi, akasema Katibu, akaliandika namba tano, chini ya lake mwenyewe la nne.

— Yaani mwanangu anaadhibiwa kwa kuwa na pumzi, akasema Fundi. Sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. Sikilizeni, jamani. Mimi niliwashonea viatu watoto wa watu wakaenda kwenye hayo mashindano miaka mitano mfululizo. Mwaka huu nilikuwa nishone vya mwanangu. Ngozi nimeshakata. Barua hii naipeleka mwenyewe leo, na nikifika mlangoni sibishi hodi, naingia.

Nilimwonea huruma kweli. Ile ngozi nyeusi niliiona wiki nzima imening'inia nyuma yake, na kila mteja aliyeuliza bei yake aliambiwa ina mwenyewe.

Mgeni aliweka kikombe chini.

— Naomba kuuliza, akasema. Wakati ule binti amekaa kimya, mlidhani anafanya nini?

— Alikuwa ameogopa, akasema Fundi.

— Anasali, akasema Mama Birika. Midomo si ilikuwa inacheza?

— Alisinzia, akasema Katibu. Joto lile.

— Alikuwa anahesabu, akasema mgeni. Moja mbili tatu nne, mara arobaini na nane. Kunyamaza kule kumeandikwa kwenye karatasi yake kama noti nyingine. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana hapati msaada wa mtu, anahesabu kichwani huku mwenzake anapiga kitu kingine kabisa. Akifika arobaini na nane anaingia, na bendi nzima inaingia juu yake. Jumamosi aliingia kwenye thelathini na moja.

— Wewe umeyajuaje yote haya? akauliza Mwanasheria.

— Mimi ndiye ule mgongo mliouona.

Katibu akaifunika barua kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Mwanasheria ghafla akakumbuka kutazama kama pasi yake ng'ambo ya barabara inatoa moshi. Mimi niliangalia viatu vyangu, na mwalimu akaendelea kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

— Kikundi kikubwa kina sheria moja, na wanafunzi walijiwekea wenyewe. Anayeingia kabla ya wakati wake mbele ya watu anashuka muhula mzima. Lakini akiwa amevurugwa na mtu wa nje, haimhusu. Nimemfundisha huyu binti miaka mitatu, hajawahi kukosa hesabu hata siku moja. Nimemwuliza mara tatu, akasema amekosea mwenyewe.

Alitoa simu kwenye begi.

— Kuna mzazi alirekodi.

Akaiweka juu ya ubao, katikati yetu. Filimbi ikasikika, ndogo na safi, nikashangaa kwamba Jumamosi sikuisikia. Kisha mluzi. Kisha sauti ya mtu mzima, nzito, iliyojaa moyo wote: "Piga, mwanangu, piga." Kisha ule mlio, filimbi ikakatika, na makofi yetu wenyewe, yakiendelea muda mrefu.

— Nimemsikilizisha leo asubuhi alipoleta kidomo, akasema mwalimu. Nikamwuliza, huyu ni nani? Akasema sauti hiyo haijui. Kwa hiyo nimekuja kuwauliza ninyi. Kuna anayeijua?

Watu ambao asubuhi ile tulikuwa tumeeleza wivu wa filimbi, mashine ya kupigia chapa na hewa ya ukumbi mzima, tulishindwa swali la maneno mawili. Niliona aibu kweli, na najua haikuwa yangu peke yangu, maana Mwanasheria hakuitaka hata kahawa yake. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Katibu, halikutoa hata tone.

— Irudishe tena, mwalimu, akasema Fundi.

Akairudisha. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, mpaka makofi yalipokwisha, kichwa chake kikiwa chini.

— Alisema haijui?

— Alisema haijui.

— Na huku akijua kwamba akiitaja tu, anarudi kwenye kiti chake?

— Nilimwambia hivyo kabla sijamfungulia simu.

Fundi alijifuta uso kwa kitambaa chake cha dawa ya viatu, kikamwachia alama nyeusi shavuni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

— Sauti hiyo, mwalimu, mwanangu ameizoea tangu akiwa tumboni mwa mama yake.

Akavua aproni, akaitundika juu ya ile ngozi, akakichukua kiatu cha mwalimu na kukiweka juu kabisa ya kazi za siku.

— Mazoezi yanaanza saa ngapi?

— Saa saba.

— Basi twende. Nataka niyaseme haya mbele ya wenzake wote, halafu nikae nyuma kabisa, na leo nihesabu naye.